Wimbo Aliochagua Fiston

Wewe unayenisoma, kaa vizuri, nakuuliza kitu. Nina mugeni wangu. Analala ndani ya nyumba ya vioo, na nyumba yenyewe haina mulango wa miguu, ina matundu mawili tu. Anayekuja kumutembelea anaingiza mikono, mwili unabaki inje. Ni nani huyo?

Fikiri kwanza. Wajukuu wangu hapa mutaani Mabanga, mumoja alisema ni mukate wa dukani, mwingine akasema ni samaki. Walishindwa wote. Ni kitukuu changu, mutoto wa mujukuu wangu Joyeuse. Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, wakamuweka hospitalini katika kuvezi, lile sanduku la vioo lenye kutoa joto. Kofia niliyomufumia ilimufunika mpaka mabegani.

Joyeuse ni fundi wa kushona. Mashini yake ya kukanyaga iko kwenye baraza yetu, na muda wote wa mimba alishona asubuhi mpaka giza, kichwa chini, mudomo umefungwa. Zamani hakuwa hivyo. Nikimutegea kitendawili, alikuwa anajibu kabla sijamaliza, tena ananicheka mimi bibi yake: "Koko, hicho ulishakiuliza, leta kingine!" Lakini mutoto wake wa kwanza tulimuzika kwenye makaburi ya upande wa Lac Vert, angali mudogo sana, na tangu siku ile vitendawili vyangu vinanirudia bila jibu. Mume wake Lévi ni mufanyabiashara. Barabara ilipofungwa alibaki kule Butembo, sasa tunamusikia katika simu tu, siku ambayo rezo, ule mutandao, inataka.

Basi, katika kile chumba cha watoto wa kuvezi tulikutana na vijana wanaofundishwa kazi ambayo sikuwahi kuisikia: kutuliza watoto kwa kuimba. Wote walitoka katika korali za makanisa. Mwalimu wao, madamu Valérie, aliisomea kazi hiyo mbali, akarudi. Mimi nikamuita pembeni Mukashyaka, muganga wa chumba kile.

"Mwanangu, niambie kweli. Dawa ziliisha kabisa, sasa munatuimbia?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Koko, dawa iko. Hii tunaongeza juu yake. Hawa batoto wanasahau kupumua. Mashini ya kupima pumzi inalia, ninakimbia kugusa mukono, mutoto anakumbuka. Akisikia sauti anayoijua, anatulia, hasahau sana."

Nikakaa kwenye benchi ya koridoo kuwasikiliza wakijifunza. Madamu Valérie alikuwa amewapa kila mumoja kifuko cha muchele kama mutoto, akiwaambia waimbe chini kuliko kuongea. Angalia tumbo lake, aliwaambia. Likipanda, ngoja. Likishuka, fuata. Akikunja uso ao akitanua vidole kama mutu anayesukuma mulango, amechoka, nyamaza hapo hapo.

"Hata katikati ya jina la Yesu?" akauliza kijana mumoja murefu.

"Hata hapo, Fiston. Yesu atakungojea."

Huyo Fiston ni mutu wa Masisi, wazazi wake ni wafugaji. Sauti yake ilikuwa nzuri lakini kubwa, ya kuita ng'ombe kwenye mulima mwingine, na wenzake hawakumuacha. "Fiston, ng'ombe hazijapotea, ziko hapa karibu!" Kila akijaribu kuimba chini, sauti ilimutoka kama maji ya bomba lililopasuka. Lakini alikuwa na bidii. Nilimuona peke yake kwenye koridoo, akiimbia muchele wake, jasho kwenye paji.

Na walikuwa na sheria moja ambayo madamu aliirudilia kila siku: wimbo hauchaguliwi na anayeimba. Unatoka katika kinywa cha mama, kwa sababu mutoto anajua ule aliousikia tumboni. Ndiyo maana siku ya kwanza alikuja karibu na Joyeuse, akauliza polepole:

"Mama, alipokuwa tumboni, ulikuwa unamuimbia nini?"

Joyeuse akatazama sakafu. Akatengeneza kitenge chake ambacho hakikuharibika.

Kesho yake madamu akauliza tena. Tena kitenge. Mimi mwenyewe nilimuuliza nyumbani, akasema maji ya kuoga yanachemka. Sikukumbuka kumusikia akiimba. Nilikumbuka mulio wa mashini yake ya kushona tu.

Ikafika siku ya madamu kuwasikiliza vijana, kila mutu karibu na kuvezi moja, na asiyeweza angerudi kwao. Fiston akapewa mutoto wetu. Mimi nilikuwa nimesimama mulangoni, nimevalishwa blauzi ya kijani ya hospitali, kama Joyeuse. Joyeuse alikuwa ameingiza mikono katika yale matundu, ameshika kichwa cha katoto kwa kiganja kimoja na miguu kwa kingine, kama walivyomuonyesha. Fiston hakuwa na wimbo. Mama hakuwa amemupa. Kijana akaona madamu anakaribia, akajichagulia mwenyewe.

Nasema haki yake: aliimba vizuri. Chini kabisa, akingoja tumbo lipande, akifuata likishuka. Madamu alitikisa kichwa kwa furaha. Lakini mimi wimbo ule ninaujua. Katika parokia yetu, sisi tuliotoka Butembo, wamama wanauimba wakati mumoja tu: sanduku linapotolewa nyumbani kwenda makaburini.

Joyeuse akachomoa mikono kama iliyoungua. Hakulia. Alipiga kelele moja, akatoka, akanipita mulangoni bila kuniona. Nyuma yake mashini ikaanza kulia, na muganga Mukashyaka akakimbia.

Nilimukuta Joyeuse inje, ameketi juu ya ukuta wa mawe ya volkano, pale wamama wanapoanika nguo. Alikuwa anakunja blauzi yake ya kijani vizuri, kona kwa kona.

"Koko, nenda nyumbani uniletee kitenge kipya. Kile cha bluu. Cha kumufunika."

"Kumufunika nani? Mutoto iko muzima!"

"Walishajua. Waliogopa kuniambia, wakaniimbia."

"Joyeuse, nimetoka pale sasa hivi. Anapumua."

"Hata kwa wa kwanza mulisema hivyo."

Ni kweli, tulisema hivyo. Nikajaribu lile jambo langu la upumbavu. Nikamutegea kitendawili, kile cha nyumba ya vioo, kwa mara ya kwanza. Akaniangalia kama ninamusemesha kutoka ng'ambo ya ziwa. Mama mumoja aliyekuwa anafua akasimamisha mikono yake.

"Weye dada, angalia kifua chako. Maziwa inatoka bure juu ya nguo, na wenzako hapa tunaitafuta kwa machozi. Unamwagia nani?"

"Mwache," nikasema.

"Simuachi, koko. Wangu ananyonya kwa kamupira ka puani, na mimi sina hata tone."

Hapo Fiston akatoka. Alikuja akisitasita, akapiga magoti kwenye mawe makali, kijana murefu vile.

"Dada Joyeuse, nimekosa nini? Madamu ameniuliza, sijui."

Joyeuse alinyoosha kona ya blauzi. Nikajibu mimi. "Huo wimbo, kwetu tunatolea nao maiti."

Mudomo wake ukabaki wazi. "Eh, Mungu wangu. Koko, kwetu Masisi ni wa jioni! Mama yangu aliuimba ng'ombe zikirudi, akituita tuje tukule. Mimi nililalia huo wimbo." Akaweka mikono juu ya kichwa. "Nilijua sheria. Nilipaswa kungoja aniambie. Nikaogopa kurudishwa."

"Basi hakufa?" Joyeuse aliuliza. Hakumuuliza Fiston wala mimi; aliuliza ile blauzi aliyoikunja.

Kabla hatujajibu, madamu Valérie alisimama mulangoni. Uso wake haukunipendeza.

"Mama Joyeuse, njoo na maziwa. Njoo na mikono yako. Anasahau, tunamugusa anarudi, tena anasahau."

Joyeuse hakusimama. Niliona anavyofikiri: wananiita nije kumuona ameisha. Nikamushika kiwiko.

"Mujukuu wangu, maiti haiombi maziwa. Simama."

Akasimama. Sikumuvuta, nasema kweli, nilimushika tu. Alivaa tena blauzi aliyokuwa ameikunja, akanawa mikono kwa muda murefu, mpaka muganga Mukashyaka akamuambia inatosha.

Katoto kalikuwa na rangi mbaya, ya majivu. Ubavu wake uliingia ndani, ukatoka, halafu ukasimama. Mukashyaka akagusa mukono. Ukaanza tena. Joyeuse akaingiza mikono polepole, akashika kichwa, akashika miguu, na machozi yakaanguka juu ya kioo, yakatelemuka. Hakuna aliyeyapanguza.

Ubavu ukasimama tena. Mukashyaka akagusa. Ukaanza.

Fiston alikuwa ameegemea ukuta, mikono nyuma ya mugongo, kama mutoto wa shule aliyefukuzwa lakini hajaondoka. Madamu hakumutuma kitu. Ni yeye mwenyewe aliyesogea hatua moja, na kwa mara ya kwanza tangu nimujue, sauti yake ilitoka ndogo bila kujaribu.

"Dada. Mimi sitaimba tena nisichopewa. Lakini niambie tafadhali. Alipokuwa tumboni, ulikuwa unamuimbia nini?"

Mimi niliangalia kitenge chake, nikijua mikono yake itakifuata. Lakini mikono ilikuwa ndani ya vioo, haikuweza kutoka.

"Hakuna," Joyeuse akasema. "Sikumuimbia kitu. Wa kwanza nilimuimbia kila siku, akanizoea, nikamuzoea, akaenda. Huyu nilisema sitamuzoea. Nilifunga mudomo. Nilishona tu. Lakini mashini ile, ukiikanyaga muda murefu, inakuvuta. Nilikuwa ninaifuata kwa pua, mudomo umefungwa, sikujua kama anasikia. Hivi." Akainama mpaka paji likagusa kioo, na muguu wake wa kuume ukaanza kupanda na kushuka juu ya sakafu, polepole. "Mm. Mm-mm. Mm. Mm-mm." Ubavu wa katoto ukaingia, ukatoka, ukaingia tena, na Mukashyaka hakugusa.