Nyumba Isiyo na Kisu

Jéthro alikuwa amekwisha kuvuka mfereji, beseni la ndizi mbichi begani, alipokuta mlango wa jiko la jirani umezibwa na mtu asiyemtarajia. Kila asubuhi safari yake ilikuwa hiyo hiyo: kutoka kwake, kuvuka mfereji, hadi kwa Florentine, ambaye alilipokea beseni, akamenya ndizi au mihogo iliyokuwamo, kisha akalirudisha bila kuuliza neno. Leo aliyesimama pale alikuwa mumewe, katekiste Apollinaire, mwembamba kama mshumaa, naye alikuwa ameshika ufagio.

"Papa Jéthro, unaona hii?" alisema. "Mwaka ilipita, mutume Petro alikata sikio ya mutu na hii. Batu balicheka mpaka Yesu naye akacheka."

Ijumaa Kuu ilikuwa inakaribia, na kikundi cha parokia kingeigiza tena Mateso ya Bwana. Apollinaire alieleza kwamba askari wa Roma walihitaji panga, na Petro alihitaji wake, na safari hii hakutaka aibu. Alikuwa amesikia kwamba huko Beni Jéthro alikuwa mhunzi.

"Chuma hapana," Jéthro alisema upesi.

"Nani anakuomba chuma? Makartoni iko mingi ku madepo kwenye unabebaka mizigo. Ama mutu wa chuma anaogopa kartoni?"

Florentine alitoka jikoni, akachukua beseni, akamtazama mumewe kama mtu aliyekanyaga kidonda cha mwenzake bila kujua. Lakini Jéthro hakukataa. Alisimama pale akiutazama ufagio, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikawa kinapapasa hewa, kama kinachotafuta ukali wa kitu.

Katika nyumba yake hapo Butembo hapakuwa na kisu. Wala wembe. Josée, mkewe, alikata mboga za lengalenga kwa vidole, alipondaponda vitunguu kwa jiwe, alichemsha viazi na maganda yake, na nyama aliiomba ikatwe sokoni vipande vidogo kabisa. Kaka yake mdogo, Cyrille, alikuwa amekwenda kwenye shamba lake la kakao, mbele ya Mavivi, akarudishwa juu ya ubao, amekatwa kwa panga, amefunikwa shuka. Siku walipohama Beni, Josée alisema akiwa amempa mumewe mgongo: "Ku nyumba yangu, kitu ya makali haitaingia tena." Jéthro, ambaye maisha yake yote katika mtaa wa Ruwenzori aliyapata kwa kugeuza springi za malori mabovu kuwa majembe na visu na panga za kufyekea, aliitikia kwa kichwa. Aliuza fuawe. Aliuza mivukuto. Nyundo tu ndiyo iliyomshinda. Aliifunga katika gunia na kuisukuma chini ya kitanda.

Hakuwahi kumwambia kwamba anaukumbuka moto. Alipopita karibu na wahunzi wa Butembo alivuka barabara, si kwa chuki, bali kwa sababu mkono wake ulianza kwenda wenyewe, juu na chini, ukifuata mlio wa nyundo za wenzake. Sentensi hiyo ilikuwapo. Ilipanda hadi kooni, na kila ilipofika hapo aliiona ile shuka, akaimeza.

Jioni ile alimwambia Josée habari za kanisa, kwamba ni katoni tupu, kwamba angefanyia kazi nyuma ya nyumba na hata kipande kimoja hakingevuka kizingiti.

"Sawa," alisema Josée. Na kwa siku nyingi zilizofuata, hilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo.

Kwa chuma Jéthro alikuwa fundi. Kwa karatasi alikuwa mtoto aliyepelekwa shule siku ya kwanza. Upanga wa mwanzo aliukunja, kisha akaugonga kwa jiwe kwenye mkunjo kama kitu kilichotoka motoni, nao ukapasuka. Wa pili aliuweka karibu na mbabula, jiko la makaa, ili joto liukaze, maana tangu ujana wake moto ndio uliompa kitu jina na nguvu. Katoni ilijikunja kama jani la mgomba juani, kisha ncha ikashika moto. Wa tatu, alipoumaliza, aliugonga kwa ukucha na kuuweka karibu na sikio. Ubapa mzuri hujibu. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Huu ulisema "pu", kama mtu aliyenuna, ukanyamaza.

Alicheka peke yake, akaanza upya.

Hakuwa na kitu cha kukatia, na hakutaka kuazima. Kwa hiyo alilowesha kidole, akachora mstari wa maji juu ya katoni, akalaza ubao kando yake na kuichana polepole, akishika pumzi, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala nguo yake. Polepole mikono ile mipana, yenye makovu ya cheche, ilianza kusikia mambo ambayo macho hayakuyaona. Iligundua kwamba ndani ya katoni mna mawimbi, na kwamba mawimbi hayo yana upande wake: yakilala kwa upana, upanga unainama, yakienda kwa urefu, toka mpini hadi ncha, unasimama. Usiku aligusa mkono wa Josée akitaka kumweleza, akakumbuka, akageukia ukutani.

Kingo zilizochanika alizifunika kwa vipande vya karatasi ya mfuko wa saruji, na hapo ndipo gundi ilipomshinda. Aliipika kwa unga wa muhogo. Alimwaga unga katika maji yanayochemka, akakoroga kwa nguvu zote za mhunzi, na harufu ya kuungua ikazunguka nyumba hadi uani, ambako Josée alikuwa anaanika nguo. Tangu kazi ianze alikuwa hajageuza uso upande ule. Sasa alidondosha shati ndani ya ndoo, akaja. Hakuzitazama panga. Aliitazama sufuria.

"Papa Rébecca, hii ni bukari ya kula ama ni changarawe?" aliuliza, akimwita mumewe kwa jina la binti yao kama siku zote.

"Ni gundi."

"Iko mawe ndani ya maji. Toka pale."

Aliketi juu ya kigoda, mgongo wake ukielekea panga, akamwaga ule uji mbaya. Akachanganya unga na maji baridi kwanza, akaufikicha kwa vidole mpaka pasiwe na donge, ndipo akauweka kwenye makaa na kuuzungusha kwa subira, mpaka ukawa laini na wenye kung'aa, kama uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Kisha hakuondoka. Alikaa hivyo hivyo, amegeukia upande mwingine, na kila Jéthro alipoishiwa gundi, mkono wa Josée ulinyooka nyuma na kopo jingine. Walifanya kazi hadi jua lilipoinama, mgongo kwa mgongo.

Asubuhi moja Jéthro aliziegemeza panga kwenye ua wa matete ili zikauke, akaenda kuchota maji. Aliporudi alimkuta Josée amesimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia. Alikuwa anatazama ua. Alikuwa anautazama upanga, waziwazi, na Jéthro aliweka dumu chini, maana hakujua amfuate au arudi nyuma.

Ndipo akamwona mbuzi wa Florentine. Alikuwa ameshika upanga wa Petro mdomoni na amekwisha kuumaliza hadi karibu na mpini, akitafuna bila haraka, macho nusu yamefumbwa, kwa sababu ya ule muhogo uliopikwa vizuri.

Sauti ikamtoka Josée. Jéthro alidhani ni kilio, akakimbia. Lakini mkewe alikuwa anacheka. Alicheka akishika tumbo, akajaribu kumwonyesha kwa kidole, akashindwa.

"Mbuzi iko inakula upanga," alisema. "Papa Rébecca, angalia. Iko inakula upanga."

Aliketi chini pale pale kwenye vumbi, na kicheko kilipokwisha machozi yaliendelea yenyewe, nayo yalichukua muda. Jéthro aliketi kando yake. Hawakumfukuza mbuzi. Walimwacha amalize na mpini.

Siku ile ile Josée aliponda pilipili na kuitia katika gundi ya upanga mpya wa Petro, ili mbuzi asirudie.

Ijumaa Kuu uwanja wa parokia ulijaa. Panga, isipokuwa mipini, zilikuwa zimepakwa rangi ya fedha, ile wanayopaka milango ya chuma, na mchana ule wenye mawingu ziling'aa vibaya, kama chuma cha kweli. Josée alikuwa amesema atabaki nyumbani. Lakini Jéthro, aliyesimama nyuma ya kundi, alimwona mbele kando ya Florentine. Askari waliingia bustanini. Karibu na Jéthro mama mmoja aliyehama kutoka Beni aliufunika uso wake kwa kitenge, kisha mwingine, na kwa mara ya kwanza Jéthro alijuta, akatamani panga zile angeziharibu kidogo.

Zacharie, aliyekuwa Petro, aliinua upanga wake na kukata. Yesu akamwambia aurudishe mahali pake. Zacharie, ambaye daima alizidisha, hakuurudisha. Aliutupa chini, juu ya ngazi za mawe za kanisa.

Uwanja mzima ulikaza mabega, ukingojea mlio.

Mlio haukuja. Upanga ulisema "pu", ukateleza ngazi moja kama jani, ukalala. Mtu mmoja alishusha pumzi, kisha wengi. Yule mama aliteremsha kitenge, akakitazama kile kitu kilicholala pale bila kosa lolote. Josée hakuwa ameinamisha kichwa hata kidogo.

Baadaye, jogoo alipowika, Zacharie alijipangusa macho kwa mkono uliokuwa umeshika upanga, na pilipili ya Josée ikafanya kazi yake. Parokia haijapata kuona Petro akilia vile. Katekiste Apollinaire mwenyewe alitikisa kichwa kwa heshima.

Asubuhi iliyofuata Jéthro alinyanyua beseni la ndizi kama kawaida. Kabla halijafika begani lilikuwa zito upande mmoja; Josée alikuwa ameshika ukingo.

"Weka chini."

Aliliweka.

"Ile nyundo ya ku chini ya kitanda," alisema Josée, akiwa anatazama ndizi. "Nafagiaka ku pembeni yake kila asubui. Nilikuwa nangoja useme."

Jéthro alitazama mikono yake. Bado ilikuwa na rangi ya fedha kwenye mikunjo.

"Nakumbukaka moto," alisema. Sentensi ile, aliyoibeba toka Beni, ilitoka fupi kiasi kwamba aliona haya.

"Najua." Kuku alipita kati yao, akadonoa maganda, akaenda zake. "Lakini na mimi nimechoka kumenyewa ndizi na batu. Unifulie kisu, Papa Rébecca. Kadogo."

"Na hizi?" aliuliza Jéthro, akionyesha ndizi.

"Zitangoja," alisema Josée.