Kiwiko cha Lorraine

Kilichobaki kwenye runinga kilikuwa kiwiko. Kiwiko tu, ndani ya mkono wa gauni la buluu, kikachungulia ukingoni mwa kioo kwa sekunde nne, kisha nacho kikaenda zake.

"Ndiwe huyo?" akauliza Bernice, jirani yake wa tangu miaka thelathini iliyopita. "Au siku hiyo ulikuwa umetoka kununua viazi, mwenzangu?"

Wageni wengine wawili wakacheka. Lorraine Haskett hakucheka. Kwa miaka thelathini amewasimulia wanawake hawa wa mji wa Burbank jinsi alivyosimama pembeni mwa picha, kwenye pazia la sinema pana kama ukuta wa kanisa, akilia bila neno huku shujaa akimuaga mwanamke mwingine. Hakupata kuigiza tena. Leo anatimiza miaka hamsini na minane, na kanda ya video ya sinema hiyo imeingia madukani wiki hii hii.

Mwanawe Wendell, aliyekaa nyuma yao, alitamani ardhi ipasuke immeze. Kazi yake ndiyo hiyo: kuchukua picha pana ya sinema na kuchagua kipande kitakachoenea kwenye runinga. Kanuni ya ofisi ilikuwa moja, mfuate anayesema. Mama yake hakusema. Wendell alimwona, tena alirudisha picha nyuma mara tatu kumtazama, msichana mwenye machozi ya kweli. Angesogeza fremu kidogo tu. Lakini mdomo wa shujaa ulikuwa unakwenda, na msimamizi ni mkali, na Wendell tangu utotoni ni mwoga. Akamkata. Akajipa moyo kwamba mama hana deki ya kuchezea kanda. Bernice amekuja na yake.

Wageni walipokwenda jikoni kutengeneza kahawa, Lorraine aliinuka, akaweka kiganja kwenye ubao wa kasha la runinga, kando ya kioo.

"Nilisimama hapa."

"Najua, mama."

"Wewe umo kwenye kazi hizi. Mtafute aliyefanya hivi. Usimgombeze, mwanangu. Muulize tu kama ana mama."

Jibu lilikuwa neno moja tu, "mimi", na Wendell alikuwa nalo ulimini.

"Nitamuuliza," akasema.

"Wendell!" Bernice aliita kutoka jikoni. "Njoo utukatie keki, baba. Wewe ndiye mwenye mkono wa kukata."

Lorraine hakugeuka. Kiganja chake kilikuwa bado palepale kwenye ubao.