Kipande Kibichi

Zilibaki wiki tatu tupate Uhuru, na nyasi za uwanja wa bendera hapa Rumonge, Burundi, zilikuwa zinakufa kwa ugonjwa wa ukungu. Mimi Asmani, mtunza bustani, nilizimwagilia kila jioni na kung'oa magugu kwa hasira. Joto likazidi, umanjano ukaenea.

Asubuhi moja nilimwita mke wangu, Kulthumu. Katikati ya umanjano kulikuwa na kipande kibichi cha pembe nne, sawasawa na mkeka wangu wa kuswalia. Hapo ndipo nilipokuwa nikiswali alfajiri. Nikamwambia ni muujiza.

Kulthumu alizigusa nyasi. "Baba Esha, hapa unafagia umande kabla ya kutandika mkeka. Ukungu unapenda maji."

Niliacha kumwagilia jioni, nikafagia umande uwanja mzima kwa kuti la mchikichi. Siku ya Uhuru nyasi zote zilikuwa mbichi, na wakubwa walipita kote na viatu vyao. Nilipofika pale pa mkeka wangu, nilivua vyangu.