Mkanda wa Silvanus

Jumapili jioni, kamati ya harusi ya Domina ilikuwa nyumbani kwa Silvanus, mtaa wa Crescent Town huku ughaibuni, ikila kuku wa kuvunja kamati baada ya harusi kupita, lifti ilipofunguka akatoka farasi jike mweupe. Alikuwa amekufa tangu Jumanne. Josephine, mke wa Silvanus, akamfungulia mlango, akamwomba apanguse kwato.

"Baba Erick, mgeni wako."

Silvanus aliinuka akiwa ameshikilia suruali. Mkanda wake ulikuwa mdomoni mwa farasi.

Walikuwa wanafahamiana. Siku ya harusi, kule Rexdale, farasi huyo ndiye aliyevuta gari la maharusi. Kamati haikubali mtu afanye kazi na njaa, hivyo dereva wake alivutwa mkono akale pilau. Silvanus, mkuu wa usafiri, akapanda kitini badala yake. Alisema utotoni kwao Dodoma aliendesha mkokoteni wa punda. Hakusema kwamba punda ndiye aliyeijua njia.

Farasi aliingia barabara ya Kipling akalifuata basi. Basi liliposimama kituoni, naye akasimama. Kituo cha tatu bibi mmoja alipanda, akaketi katikati ya maharusi na mifuko yake ya sokoni. Wageni waliokuwa nyuma walicheka mpaka wakapiga honi. Hapo Silvanus akavua mkanda, akachapa. Farasi akaruka mtaro. Gari likabaki mtaroni na keki ya harusi iliyokuwa garini ikamwangukia bibi. Hakuna aliyeumia.

Silvanus alipoulizwa, alisema farasi ana wazimu. Farasi mwenye wazimu haachwi barabarani. Jumanne akachomwa sindano ya kufa.

Sasa mwenyekiti, Philomena, alimsogezea mgeni bakuli la kachumbari, akafuta mikono.

"Kaka Silvanus, wengine hatukuwepo. Hebu sema, ilikuwaje?"

Farasi akasimamisha masikio. Domina, aliyeuona mkanda ule ukipanda na kushuka, akainamia sahani yake.

Silvanus alivuta suruali juu. 

"Alikuwa na wazimu," akasema.

"Pole sana," kamati ikaitikia, ikampigia makofi, ikampa tena usafiri, wa sendofu ya Nuria, bibi harusi mwingine anayesubiri kuagwa.

Farasi akaweka mkanda miguuni pa Silvanus. Silvanus akauvaa, maana suruali ilikuwa inashuka. Ulikuwa bado na joto.

Wageni walipoondoka, farasi hakuondoka. Josephine akamtandikia blanketi koridoni, akamwomba mumewe akumbuke kununua karoti.