Jojia ya Nani

Kwenye ramani ya kale iliyo sakafuni mwa kanisa la Madaba, samaki mmoja wa vijiwe anaogelea kurudi mtoni alikotoka, maana ameonja maji ya Bahari ya Chumvi yakamshinda. Wadia alipenda kuanza na samaki huyo kila alipowaongoza wageni, kabla ya kuwaonyesha Yeriko na mitende yake, Yerusalemu na milango yake, na Gaza iliyosalia nusu. Asubuhi hiyo, alipokwisha kueleza kwamba mto ule ndio Yordani, bwana mmoja mwenye kofia pana aliinua mkono.

"Nasikia ipo na nchi yenye jina hilo hilo. Ni mbali na hapa?"

"Umesimama juu yake, bwana," Wadia alimjibu, akayang'ata mashavu kwa ndani ili asicheke.

Alicheka alasiri, jikoni kwa jirani yake Fadwa, walipokuwa wakiviringisha mchele kwenye majani ya mzabibu. Kisa alikisimulia chote, na chumvi hakuionea uchoyo. Fadwa aliegemea friji, machozi yakimtoka.

"Huyo alipandaje ndege, Mama Bishara? Rubani alimwambia anampeleka wapi?"

"Hata rubani sijui kama alijua! Wana simu za kila namna, mwenzangu, wana vitabu, wana miwani, na waliposimama hawapajui."

Hiyo ilikuwa burudani yao ya miaka. Fadwa alitoa kahawa, Wadia akatoa wageni: yule aliyetaka kwenda Dubai kwa miguu baada ya chakula cha mchana, yule aliyeuliza kama Misri bado ipo. Wadia aliwacheka kwa raha ya mtu mwenye haki ya kucheka. Kila jina lililoandikwa kwenye sakafu ile alilijua, na herufi za Kigiriki alijifunza kwa ajili yake tu.

"Mama Bishara!" Ilikuwa sauti ya Munir, mume wa Fadwa, kutoka sebuleni. "Mwanao si yuko Jojia?"

"Yuko Jojia, anasomea udaktari. Kwani vipi?"

"Hebu njoo unisomee hapa. Miwani yangu imejificha tena."

Wadia alikwenda akijifuta mikono. Kwenye televisheni mtangazaji alikuwa akitabasamu na mchezaji wa mpira, na chini yao ukanda wa habari ulikuwa ukipita taratibu. *Kimbunga chaipiga Jojia. Miji ya pwani yafurika. Mawasiliano yakatika.*

Aliusoma kwa sauti, kisha akausoma tena.

"Kwani Jojia ina bahari?" Munir aliuliza.

"Ina." Majira ya joto yaliyopita Bishara alimtumia picha, suruali imekunjwa hadi magotini, amesimama majini anacheka kama mtoto.

Aliichukua simu. Haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Munir alirukaruka kwenye vituo akitafuta habari kamili: akapata mapishi, akapata tamthilia ya Kituruki, akapata mahubiri. Fadwa alisema watafute habari hizo kwenye simu ya Wadia, kwa kuwa yake na ya mumewe zilikuwa za vitufe, lakini Wadia hakukubali kuiacha laini hata kwa dakika moja. Je, kama Bishara angepiga wakati huo huo?

Alikaa kwenye kochi, Fadwa akamkumbatia mabega na kumsomea dua sikioni. Hapo ndipo Wadia alipojaribu kuiona Jojia moyoni mwake. Alifumba macho. Alikiona chumba cha Bishara: pazia la manjano, kiti chenye mguu mbovu, paka wa mama mwenye nyumba, mkate wa jibini ambao mama huyo humpelekea siku za baridi. Alijua mwanawe alalia ubavu gani. Lakini nje ya dirisha lile hapakuwa na kitu. Mji ule uko karibu na bahari au mbali nayo? Nchi yenyewe iko nyuma ya Uturuki au juu yake? Na nani ni jirani yao? Alimsindikiza mwanawe hadi uwanja wa ndege wa Amman, akamwona akipotea nyuma ya kioo, na kwake yeye dunia ilikoma pale. Baada ya pale kilibaki chumba kimoja tu, kikielea hewani.

Miaka mitatu alikuwa amelibeba jina la nchi hiyo mdomoni kama mtu anavyobeba jina la dawa aliyoandikiwa. Analitaja, analiamini, na hajui limetengenezwa kwa nini. Mumewe alikwisha tangulia kaburini. Bishara ndiye aliyebaki, na leo, kama angeambiwa aende kumtafuta, asingejua ageuze uso upande gani.

Simu ikalia.

"Mama, kuna nini? Nimetoka chumba cha mtihani nakuta umenipigia mpaka simu inataka kulia. Nani amekufa?"

"Wewe!" alisema Wadia, akaangua kilio. "Kimbunga! Uko wapi? Maji yamefika wapi?"

"Maji gani, mama? Huku jua linawaka, nimevaa fulana." Kisha kicheko ambacho Wadia alikifahamu tangu kikiwa cha mtoto asiye na meno. "Ngoja. Umesoma kwamba kimbunga kimepiga Jojia? Mama, hiyo Jojia ya Marekani! Ni jimbo la huko. Ziko mbili."

"Mbili? Nani aliyewapa ruhusa?"

"Waulize wenyewe. Nimeona picha asubuhi, kumeharibika kweli, pwani yote, mji wa Savana na kando yake. Lakini mimi niko upande mwingine kabisa wa dunia. Na wewe mama ndiye unayewacheka Wazungu!"

Fadwa alikwisha kusikia vya kutosha. Alipiga vigelegele vilivyowatoa majirani kwenye madirisha, akambusu Wadia kichwani, akakimbilia jikoni akisema leo hakuna kahawa chungu, leo ni sukari mpaka kijiko kisimame. Munir alitoa leso akajifuta jasho ambalo hakutaka lijulikane ni la nini. Wadia alimuaga mwanawe, akaegemea kochi, akauacha mwili wake ulegee. Raha ilimpanda kutoka tumboni, tamu, karibu ya kumlevya. Si yeye. Si wake. Ni Jojia ya watu wengine.

Ya watu wengine. Savana.

Jina hilo alilifahamu. Alilisikia mara ngapi katika jiko lile lile? Arwa, binti wa Fadwa, aliolewa akapelekwa Amerika, na mama yake hakukosa kuwatania watu kwamba binti yake anaishi Savana, kwa hiyo asubuhi hufukuza simba mlangoni ndipo aende kazini. Wote walicheka, kila mara, na hakuna aliyewahi kuuliza Savana iko wapi. Iko Amerika. Ilitosha.

Kutoka jikoni Fadwa alikuwa akiimba. Wadia alitamani kumwacha amalize wimbo. Alitamani aondoke, ateremke ngazi, taarifa ya habari ya jioni imwambie yenyewe, au isimwambie kabisa. Mwanamke huyu alikuwa ameishika hofu yake mikononi alasiri nzima kana kwamba ni ya kwake, naye muda wote huo ya kwake alikuwa nayo na hajui.

Aliinuka, akaingia jikoni, akazima moto chini ya birika.

"Fadwa, mpigie Arwa."

"Arwa? Saa hizi? Si wamelala huko?"

"Kwao ni asubuhi. Mpigie, ndugu yangu." Akamshika mkono uliokuwa na kijiko. "Hiyo Jojia ya kimbunga, ya Marekani. Savana iko humo."

Fadwa alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. "Jojia si iko kwa Warusi huko?"

"Ziko mbili."

Rangi ilimtoka Fadwa usoni. "Ya Rabi," alisema, na kijiko kikaanguka.

Simu iliita hadi ikakatika. Wadia alipiga mara ya pili kwa simu yake mwenyewe, akaiweka katikati ya sahani ya majani ya mzabibu, sauti ikiwa juu, na wanawake wawili wakainamia sahani ile.

"Halo? Mama Bishara?" Nyuma ya sauti ya Arwa mtoto alikuwa akidai ndizi.

"Uko wapi?" Fadwa alipiga kelele. "Mtoto yuko wapi? Mumeo Yazan yuko wapi?"

"Wote tupo, mama, tu wazima. Tuliondoka juzi, tuko bara kwa rafiki yake Yazan. Nyumba hatujui imekuwaje, lakini sisi wazima."

Fadwa alilia, akashukuru, akatukana kidogo, akashukuru tena. "Mbona hukuniambia, mtoto mwovu wewe?"

"Nikuambie usilale? Nilijua hata ukisikia Jojia hutashtuka. Kwako mimi niko Amerika tu."

Alilisema kwa upendo, bila lawama yoyote. Hata hivyo Wadia aliuona uso wa Fadwa ukitulia, machozi yakiwa bado kidevuni.

"Na hapo mlipolala panaitwaje?" Fadwa aliuliza.

"Ah, mama, hata nikikutajia..."

"Nitajie."

"Meikoni."

"Makoni."

"Mei. Meikoni."

"Meikoni," alisema Fadwa, polepole, kama anayelijaribu jina la mtoto mchanga. "Kutoka Savana ni upande gani?"

Arwa alifikiri. "Ukiipa bahari mgongo, unakwenda mbele tu."

Fadwa aligeuka pale pale jikoni, akaipa mgongo bahari ambayo hajawahi kuiona, uso ukaelekea kwenye kabati la vikombe. Wadia alisita kidogo, kisha akageuka naye, akasimama kando yake.

Munir alichungulia mlangoni, miwani yake hatimaye puani. "Kulikoni? Mnatafuta kibla?"

"Nyamaza, Baba Arwa," Fadwa alisema bila kugeuka. "Tunakwenda Meikoni."