Nani Anahamisha Hodi?

Nikutegee, nawe usikimbilie kushindwa: nyumba ina watu tele, lakini hodi ikipigwa anayeinuka ni mmoja tu, wengine wamelala. Umeshindwa? Basi nipe mji. Duluth? Naishi humo tangu nizaliwe, lakini naupokea.

Jibu ni seva ya mkwe wangu Kirsten, kazini kwake, pale wanapouza tiketi za mpira wa magongo wa barafuni. Mashine ile ina prosesa nyingi, yaani vichwa vinavyofanya kazi zake, na hao ndio watu wa nyumba. Kifaa chochote kikitaka kuhudumiwa hupiga hodi, na prosesa huacha alilokuwa akifanya akaitikia. Kuna kidhibiti kinachoamua hodi iende kwa nani. Mimi namwita bawabu. Basi bawabu yule alimtupia hodi zote prosesa wa kwanza, maskini, mpaka msimu uliopita mashine ikaganda siku ya mauzo, foleni imesimama kwenye theluji. Bosi wao, Bi Marlys, akasema kwa ule upole wa huku kwetu unaokata: ikiganda tena atakodi mashine za watu, na Kirsten atafute kazi kwingine.

Kirsten akaketi na bawabu, akampangia: hodi za mtandao kwa hawa, za diski kwa wale. Mashine ikapumua. Akaenda kula. Kurudi, hodi zimehamishwa. Akapanga upya, zikahama tena.

Akamshuku Wendell, mwenzake wa meza ya pili, maana ndiye aliyewahi kusema kupanga kwa mkono ni mambo ya kizamani. Mahali pengine mtu angeuliza. Huku Minnesota mtu akiwa na hasira huoka. Kirsten alimpelekea Wendell keki, kisha akabandika karatasi kwenye seva: ndugu mpendwa, kama si usumbufu, niachie bawabu wangu, asante sana. Wendell, ambaye hakuwa amegusa kitu, akaona anasingiziwa, akalipiza kwa kumfutia Kirsten theluji kwenye gari bila kuombwa. Wakaendelea hivyo, wakitendeana wema wa kutisha.

Siku ya mauzo, dirisha la tiketi likikaribia kufunguliwa, hodi zikahama tena. Nilikuwepo, nilikuwa nimewapelekea bakuli la viazi na nyama. Mezani kilibaki kipande kimoja cha keki, na kila mtu alikikata nusu, kwa kuwa huku kwetu hakuna anayethubutu kukimaliza. Kirsten akaweka kisu chini.

"Kaka Wendell, nimechoka kuoka. Ni wewe unayehamisha hodi zangu?"

"Dada, mashine hiyo naiogopa kuliko ninavyomwogopa mama mkwe wako, na yupo hapa anasikia. Sijaigusa."

"Sasa ni nani?"

Mfanyakazi mmoja akasifu viazi vyangu. Mwingine akataja baridi ya mwaka huu. Kirsten akauliza tena, akasema foleni iko nje na kazi yake imo ndani ya mashine ile, anaomba kujua tu.

Bi Marlys, naye pale mezani, alikuwa ameinamia kahawa yake, anaikoroga, ingawa huwa hatii sukari.

"Ni mimi," akasema. "Niliwasha programu inayogawa hodi bila mkono wa mtu, ndiyo inayozihamisha kila unapozipanga. Nilisikia kwenye semina kwamba inafaa, nikaona haya kukuambia, usije ukadhani naingilia kazi yako. Kaizime, mwanangu. Na yale ya kukodi mashine za watu, chukulia sikuyasema."