Jibu Tuliloliendea Mlimani

Asubuhi ile mume wangu alipiga hodi. Mlango aliutengeneza mwenyewe, bawaba alizichomelea mwenyewe, halafu anasimama nje anapiga hodi kama mtu aliyekuja kuulizia chumba cha kupanga. Nilikuwa kwenye cherehani, najifanya napinda pazia la mteja. Nikaitikia karibu, na sauti ikanitoka laini kuliko nilivyokusudia.

Alikuwa akiishi kwa dada yake tangu mvua zilipoanza. Hatukugombana. Afadhali tungegombana, maana kwenye ugomvi mimi simwogopi mtu. Jioni moja tu alisukuma sahani pembeni akasema amechoka. Nikamuuliza amechoka na nini. Akasema hajui. Mtu anachomelea mageti kutwa nzima, Jumapili anapanda milima kwa baiskeli kama anayekimbizwa na mbwa, kote huko hachoki. Alikuja kuchoka kwenye kochi lake mwenyewe, karibu na mke wake. Akakunja nguo zake vizuri akaondoka. Hata kule kukunja kuliniuma, kwa sababu miaka yote hakuwahi kukunja hata soksi.

Basi siku ile alikuja kunipa jibu. Nilimuuliza kwenye simu swali moja tu: unarudi au hurudi? Akasema mambo kama hayo si ya simu, atakuja tuongee.

Akaketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja. Nyuma yake ukuta ulikuwa na weusi wa matairi, pale tunapotundika baiskeli zetu za mbio. Ya kwangu ilikuwapo. Ya kwake alikuwa ameiegemeza nje.

"Sikia," akaanza.

"Usiniambie hapa," nikamkatiza. "Twende mlimani kwanza. Utanijibu tukifika juu."

"Leo? Nimekuja tuongee tu."

"Baiskeli umekuja nayo, viatu umevaa. Unaogopa mlima au unaniogopa mimi?"

Akacheka kidogo, bila kupenda. "Haya. Tukifika juu nitakuambia."

Nilikuwa na hesabu zangu. Pale sebuleni alikuwa amegeuka mgeni, lakini nilijua kwenye baiskeli bado ni yeye, yule ambaye wenzetu wa baiskeli wanamwita Breki kwa sababu hajui kuzitumia. Mimi wananiita Kobe, na sihitaji kueleza kwa nini. Nilijiambia kwamba akishatoka jasho, akishaona mashamba na upepo ukimpiga, atajikumbuka. Na akijikumbuka yeye, atanikumbuka na mimi. Nilivaa haraka, nikafunga kofia ngumu upande upande mpaka ikabidi anirekebishie mkanda. Vidole vyake vilipogusa kidevu changu nilishika pumzi.

Tukapita soko, tukapita kiwanda cha matofali, lami ikatuingiza mashambani. Kilima cha kwanza tulikipanda bila neno. Cha pili nikaanza kusikia mapaja. Cha tatu ndicho chenyewe, barabara imesimama kama imekataa kwenda, kona juu ya kona, na ukiinua macho unaona lami nyingine juu ya kichwa chako, hujui kama ni ileile yako au ya watu wengine.

Kwetu kuna utaratibu: kwenye mlima kila mtu na miguu yake. Anayeweza anakwenda, anayefika anamsubiri mwenzake juu. Kwa hiyo sikulalamika alipobadilisha gia, akainuka kwenye kiti na kuniacha. Nikamwangalia mgongo wake ukipungua, ukakunja kona, ukapotea. Mwaka mzima uliopita ulikuwa hivyo. Namkuta juu ameshapoa, anachezea simu, ananiuliza kama niko sawa bila kuinua macho. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa akirudi kunichukua, ananiwekea kiganja mgongoni, chini kidogo ya mabega, na kunisukuma huku anapiga soga kana kwamba tumekaa barazani. Hata kunitongoza alinitongozea mlimani, mimi sina pumzi ya kumkatalia.

Nikaingiza gia nyepesi ya mwisho, na bado ilikuwa nzito. Jasho likanichoma macho. Wanawake waliokuwa wakipalilia kando ya barabara wakainua vichwa.

"Dada, shuka uisukume tu!" mmoja akaniita. "Hiyo baiskeli imeshakushinda!"

"Nyumbani kumenishinda, itakuwa baiskeli!" nikamjibu, nao wakacheka sana, ingawa hawakujua tunacheka nini.

Kwenye kona iliyofuata nikaanza kuyumba. Gurudumu la mbele lilikuwa likienda linakotaka, mara ukingoni, mara katikati ya barabara. Kifua kilikuwa kinawaka. Nilikuwa nasema kwa sauti, sijui namwambia nani, kwamba siteremki, leo siteremki, nikiteremka nimekwisha.

Ndipo nikamwona anashuka. Breki alikuwa amegeuza. Alikuja kwa kasi, akazunguka nyuma yangu, na mara kiganja kikatua mgongoni, palepale pake.

"Kanyaga," akasema. "Kaa huku pembeni. Kanyaga, niko hapa."

Jamani, nililia. Nililia huku nakanyaga, makamasi na jasho na machozi vyote pamoja, na wala sikujali. Lori la mawe likatupita likishuka, likatufunika vumbi, nikaliona kwa mbali tu kama kitu cha mtu mwingine. Mimi nilikuwa na mkono mgongoni. Nilijua nimeshajibiwa. Mtu aliyechoka na wewe hageuzi baiskeli katikati ya mlima ule, akapoteza lami yote aliyoipigania, kuja kukuchukua. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi, na ndivyo angejua mtu yeyote kati yetu tunaopanda.

Akanisukuma mpaka juu. Huko kuna mnara wa simu na jiwe bapa la kukalia, basi. Nikajibwaga kwenye jiwe. Nikanywa maji, mengine nikajimwagia kichwani, na mdomo ukafunguka.

"Kochi tulihamishie upande wa dirisha," nikasema. "Na wewe upate mwanga. Mimi cherehani nitaitoa sebuleni, najua inakupigia kelele, nitaipeleka chumba cha nyuma. Na ukitaka tusiongee jioni, tusiongee. Nitajifunza kunyamaza. Usicheke, nitajifunza kweli."

Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama ameshika baiskeli yake, anavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Kobe," akasema. "Sirudi."

Nikamtazama. "Lakini umerudi. Pale konani. Umegeuza."

"Nilisikia lori linakuja, na wewe ulikuwa unayumba katikati ya barabara."

"Ulinishika mgongo."

"Ungegongwa. Ningefanya hivyo kwa mtu yeyote. Yeyote yule. Samahani."

Nikamuuliza kama kuna mwanamke. Akasema hakuna. Nikamwangalia vizuri machoni, nikaona ni kweli, na hapo ndipo niliumia hasa. Angekuwapo mwanamke ningepata wa kumtukana, ningemshonea maneno mpaka kwao wajue. Sasa nimtukane nani? Mume wangu hakunibadilisha kwa mtu. Aliona afadhali kukaa na mto na ukuta kwenye chumba kidogo cha dada yake kuliko kukaa na mimi. Nilitaka kupiga kelele, na pumzi yenyewe nilikuwa nimeimaliza kwenye mlima.

"Basi tushuke," nikasema. "Jua linakuwa kali."

Akatangulia. Njia ya kushukia inazunguka upande wa pili wa mji, ndefu ndefu, upepo unavuma usoni. Katika njia kama hiyo wa mbele anakata upepo, wa nyuma anakaa kwenye tairi lake, shubiri chache tu, macho kwenye lile gurudumu. Unaacha kufikiri. Akikwepa shimo unakwepa, akiinama unainama, akinyoosha mkono kuonyesha anakata kona, na wewe unanyoosha na kukata. Nimelifuata tairi lile miaka kumi. Machozi yalikuwa yanakauka kabla hayajafika masikioni, na mimi nikalitazama tairi na kulifuata, kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyobaki ambayo bado niliiweza.

Njiapanda akanyoosha mkono wa kushoto. Na mimi nikanyoosha. Tukakata, tukapita duka la vifaa vya ujenzi, tukapita kisima, akapunguza, nikapunguza.

Nilishtuliwa na sauti ya wifi yangu. Alikuwa uani kwake anaanika shuka, geti liko wazi, na alipotuona tunaingia pamoja, yeye mbele mimi nyuma kama siku zote, aliangusha shuka chini kwenye vumbi.

"Nilisema!" akapaza sauti. "Si nilisema mimi? Njoo hapa wewe!" Akanikumbatia nikiwa bado juu ya baiskeli, mikono yake imelowa, ananipiga piga mgongo, anamshukuru Mungu, anamwambia kaka yake akakusanye nguo zake sasa hivi kabla shetani hajapita tena.

Kaka yake hakusogea. Aliangalia chini. Nikaelewa kwamba hata hilo ameniachia mimi nilisema.

"Hapana, wifi," nikamwambia. "Nimekosea njia."

Akanitoa kifuani anitazame. "Unakoseaje njia? Si kwako unapajua?"

"Napajua," nikasema. "Nilikuwa namfuata yeye."